Waya wa Mota ya Umeme ya Boti: Upi Ununue, Upi Uuache Dukani

Mota ya umeme ya kuvulia, ile inayofungwa omo, yaani mbele, kuisogeza boti taratibu bila kelele, ikiwa ya volti 12 na msukumo wa paundi 55 huvuta takriban ampea 50 inapofunguliwa hadi mwisho. Huo si mkondo wa mchezo. Hata hivyo wanunuzi wengi hukesha wakilinganisha mota na betri, kisha waya wanaununua dakika za mwisho, wowote uliopo karibu. Baadaye mota inasukuma kinyonge, breka (swichi inayokata umeme mkondo ukizidi) inaruka kila upepo ukikaza, plagi inapata moto hadi plastiki inalainika, na lawama zote zinaiangukia mota.

Kwa aliye na haraka, jibu ni hili. Betri zikiwa tezi, yaani nyuma, mota ikiwa omo, na njia ya waya kati yao ni kama mita 4 hadi 5, mota ya volti 12 ya ampea 50 inunulie waya wa shaba wa 25 mm² (milimita za mraba, eneo la shaba waya ukikatwa). Mota ya volti 24 inunulie 16 mm². Ya volti 36 inatosheka na 10 mm². Betri ikikaa jirani na mota, ndani ya mita 2, 10 mm² inatosha hata kwa volti 12. Na katika hali zote hizo, ukiweza, nunua shaba iliyopakwa bati.

Urefu ndio unaoamua

Waya wa mota hujibu maswali mawili, na wengi huuliza moja tu. La kwanza ni kama waya utahimili ampea bila kupata moto kupita kiasi. La pili ni volti ngapi zitafika kwenye mota.

Swali la kwanza hupita kirahisi. Kiwango cha E-11 cha American Boat and Yacht Council, ABYC kwa kifupi, baraza la Marekani linaloweka viwango vya boti, kinauruhusu waya wa namba 10 AWG (kipimo cha Marekani cha unene wa waya), ambao ni kama 5.3 mm², kubeba ampea 60 nje ya chumba cha injini, mradi ganda lake ni la kuhimili nyuzi 105 za Selsiasi. Ukiishia hapo utasema waya huo unatosha kwa mota ya ampea 50. Hautaungua, ni kweli. Lakini volti zitapotea njiani.

Tuhesabu. Umbali ni mita 5, mkondo unakwenda na kurudi, kwa hiyo waya ni mita 10. Kwa ampea 50, waya wa 6 mm² hupoteza karibu volti 1.5. Hiyo ni asilimia 12 ya volti 12, na wati 73 zinageuka joto ndani ya waya badala ya kuzungusha propela. Waya wa 10 mm² hupoteza volti 0.88, zaidi ya asilimia 7. Wa 16 mm² hupoteza 0.55, yaani asilimia 4.6. Wa 25 mm² hupoteza 0.35, na hapo ndipo tunaingia chini ya asilimia 3. Wa 35 mm² unashuka hadi 0.25, ambayo ni kama asilimia 2.

Asilimia 3 ndiyo ninayoilenga. ABYC inaidai kwa vifaa ambavyo usalama wa chombo unavitegemea, na kwa vingine inaruhusu hadi asilimia 10. Kwa mota, asilimia 10 ni nyingi mno. Propela ina tabia yake: msukumo unafuata mraba wa kasi ya kuzunguka, kwa hiyo kasi ikipungua kidogo msukumo unapungua zaidi. Kwenye maji yaliyotulia hutaona tofauti. Utaiona siku unapolazimika kuishikilia boti dhidi ya upepo, na betri ya asidi nayo imeshaanza kulegea. Betri ikishuka hadi volti 11.8 chini ya mzigo, na waya ukala volti moja na nusu, mota inabaki na volti 10.3. Mota nyingi zenye vidhibiti vya kielektroniki hazipendi kabisa kushuka hivyo.

Asilimia 5 naikubali kwa mtu mwenye bajeti ndogo anayevulia bwawani, ambaye mara chache hufungua mota hadi mwisho. Zaidi ya hapo, hapana.

Namna ya kupima

Usipime boti kwa macho wala kwa urefu ulioandikwa kwenye karatasi zake. Chukua kamba, ianzie kwenye terminali ya betri, ipitishe kila mahali waya utakapopita: chini ya sakafu, nyuma ya tangi, juu ya mbavu, hadi kwenye plagi ya mota. Ukiipima kamba hiyo utashangaa jinsi ilivyo ndefu kuliko ulivyokadiria.

Kisha zidisha kwa mbili. Hata ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na umeme nao hauna budi kurudi kwenye betri kwa waya mweusi ulio mrefu sawasawa na ule mwekundu. Kanuni yenyewe ni fupi: zidisha 0.0175 kwa jumla ya mita za waya, zidisha kwa ampea, kisha gawanya kwa volti unazokubali kupoteza. Jibu ni mm² za shaba. Kwa volti 12, asilimia 3 ni volti 0.36. Kwa 24 ni 0.72, kwa 36 ni 1.08.

Hapa kuna mtego unaowanasa hata mafundi. Majedwali ya waya hayahesabu urefu kwa namna moja. Yale ya ABYC hutumia urefu wa kwenda na kurudi. Jedwali la Minn Kota, watengenezaji wa mota hizi, hutumia umbali wa upande mmoja kutoka betri hadi waya za mota. Ukiingiza umbali wa upande mmoja kwenye jedwali la kwenda na kurudi, unatoka dukani na waya wa nusu ya unene unaohitajika. Soma maelezo madogo chini ya jedwali kabla ya kusoma namba zake.

Jedwali hili nimelipiga hesabu kwa karibu asilimia 3. Umbali ni wa upande mmoja, kurudi kumeshahesabiwa.

| Mota | Mita 2 | Mita 4 | Mita 6 |
|---|---|---|---|
| Volti 12, ampea 30 | 6 mm² | 16 mm² | 25 mm² |
| Volti 12, ampea 50 | 10 mm² | 25 mm² | 35 mm² |
| Volti 24, ampea 56 | 10 mm² | 16 mm² | 16 mm² |
| Volti 36, ampea 52 | 10 mm² | 10 mm² | 10 mm² |

Mstari wa kwanza ni mota ndogo ya paundi 30. Wa pili ni ya paundi 50 au 55. Wa tatu ni ya paundi 80, na wa nne ni ya paundi 112. Kwenye volti 24 na 36 kwa umbali mfupi, hesabu ya volti peke yake ingekupa waya mwembamba zaidi, lakini sishuki chini ya 10 mm² kwa ampea zaidi ya 50. Joto nalo lina haki yake, hasa waya ukipita mahali pasipo na hewa.

Itazame safu ya mita 6. Mota ya paundi 80 kwenye volti 24 inaridhika na nusu ya shaba inayotakiwa na mota ya paundi 55 kwenye volti 12. Anayefikiria kubadili mota aliweke hilo kwenye hesabu zake, kwa sababu gharama ya shaba nene kwenye boti ndefu si ndogo. Ila kwenye mfumo wa betri mbili au tatu, ule waya mfupi unaounganisha betri na betri nao unabeba ampea zote. Uwe na unene uleule.

Kuna njia nyingine ya kuokoa shaba: sogeza betri. Betri ya asidi ya Ah 100 (ampea-saa 100) ina uzito wa kilo 30 hivi, na kuipeleka omo kunaweza kuiinamisha boti ndogo. Ya lithiamu ya aina ya LiFePO4 yenye ukubwa huohuo ni kilo 11 hadi 13, kwa hiyo inawezekana kuiweka mbele bila shida, na waya wako unatoka mita 5 hadi mita 1 na nusu. Kabla ya kununua mita nyingi za 35 mm², pima kwanza kama betri haiwezi kuhama.

"Namba 6" si "6 mm"

Hili ndilo kosa la dukani linalouma kuliko yote. Vitabu vya mota nyingi vimeandikwa kwa vipimo vya AWG vya Marekani, na humo namba ikipanda waya unakonda. Mnunuzi anasoma kwamba anahitaji namba 6, anakwenda kuomba "waya wa sita", anapewa 6 mm². Namba 6 AWG ni 13.3 mm². Amepata chini ya nusu. Kwa namba 4 hali ni mbaya zaidi: 4 AWG ni 21 mm², na waya wa 4 mm² ni mwembamba mara tano. Namba 8 peke yake ndiyo inayokaribiana, kwani ni 8.4 mm². Namba 2 ni 33.6, kwa hiyo 35 mm² inaichukulia nafasi yake vizuri. Ukikuta kitabu chako kinataka namba 6, chukua 16 mm² na usonge mbele.

Wala usihukumu waya kwa unene wa nje. Ganda nene linaweza kuficha shaba kidogo. Tazama maandishi yaliyochapwa kwenye ganda, na kama hakuna maandishi yoyote, hiyo yenyewe ni sababu ya kutonunua.

Aina za waya, kuanzia bora

*Ya kwanza: kebo ya boti ya shaba iliyopakwa bati.* Nyuzi nyembamba nyingi, kila moja imepakwa bati, ganda la kuhimili mafuta, jua na joto. Maji ya chumvi yakipenya kwenye ncha ya waya wa shaba tupu, hutambaa ndani ya nyuzi hadi mbali, na ukichuna ganda unakuta shaba imegeuka nyeusi au kijani. Bati huchelewesha sana uharibifu huo. Ni ghali, ndiyo, lakini hutaiingiza mara ya pili, na kupitisha kebo nene chini ya sakafu ya boti ni kazi ya kuchubua vidole. Kwa anayevulia baharini sioni sababu ya kwenda chini ya hii. Kwenye ganda tafuta maandishi BC5W2 au UL 1426.

*Ya pili: kebo ya sola.* Wengi hawaifikirii, na ni chaguo zuri kwelikweli. Kebo ya sola inayofuata kiwango cha EN 50618, yenye alama H1Z2Z2-K, ni ya shaba iliyopakwa bati, ina nyuzi nyembamba zinazonyumbulika, ganda mbili, na imetengenezwa kukaa juani miaka mingi. Huuzwa nyekundu na nyeusi, kwa mita. Kasoro yake ni saizi: 4 na 6 mm² zimejaa kila mahali, 10 na 16 zinahitaji kutafutwa. Kwa hiyo inawafaa zaidi wenye mota za volti 24 na 36, au wenye betri karibu. Ukiipata ya 16 mm² ya kweli kwa bei nzuri, ichukue.

*Ya tatu: kebo ya kuchomelea vyuma.* Hulegea kama kamba, hupita kwenye kona bila kugoma, na hupatikana kirahisi katika 16, 25 na 35 mm². Haina bati, na nyuzi zake nyembamba sana huliwa haraka na chumvi zikipata unyevu. Kwenye maji baridi, ncha zake zikizibwa vizuri, naipendekeza bila wasiwasi. Baharini ni ya muda tu.

*Ya nne: kebo ya betri ya gari.* Shaba tupu, ganda la PVC, nyuzi chache na nene zaidi. Inafanya kazi. Kumbuka tu kwamba waya za magari zilizopimwa kwa kiwango cha SAE, chama cha wahandisi wa magari, huwa nyembamba kuliko za AWG za namba ileile kwa karibu asilimia 10, kwa hiyo panda saizi moja.

*Ya tano: waya wa kuwekea umeme nyumbani.* Wa 10 au 16 mm² huwa na nyuzi saba nene, ngumu. Kwenye ukuta hautikisiki, kwa hiyo unadumu. Kwenye boti unatikiswa kila siku, na nyuzi ngumu hukatika moja baada ya nyingine pale waya unapoingia kwenye lagi (kichwa cha chuma chenye tundu kinachobanwa kwenye ncha ya waya), ndani ya ganda, usione. Utumie tu kama huna njia nyingine, na uufunge kila baada ya sentimita 40 hivi.

*Ya kukimbia kabisa: alumini iliyovikwa shaba.* Huandikwa CCA, au haiandikwi kabisa. Nyaya nyingi za bei ya kutupa za redio za gari na za kuazimana chaji ni hizi. Ukinzani wake ni zaidi ya mara moja na nusu ya ule wa shaba, kwa hiyo CCA ya 16 mm² inafanya kazi ya shaba ya 10 mm² hivi. Juu ya hapo, alumini na shaba zikikutana penye maji ya chumvi, alumini huliwa.

Kuitambua si kazi. Chuna sentimita mbili za ganda, chukua uzi mmoja, ukwangue kwa kisu. Shaba ni nyekundu hadi katikati. Shaba iliyopakwa bati ni nyeupe juu na nyekundu ndani. CCA ni kinyume: nyekundu juu, nyeupe ndani. Unaweza pia kuipima kwa mizani: mita moja ya shaba ya 16 mm², bila ganda, ni kama gramu 143, na CCA haifiki hata nusu ya hapo. Muuzaji anayekataa ukwangue uzi mmoja, muage.

Wapo wanaopendekeza kuunganisha nyaya mbili za 10 mm² sambamba ili kupata 20. Kwenye hesabu inakubali. Lakini lagi moja ikilegea, waya wa pili unabeba mzigo wote kimyakimya. Kwa saizi hizi nunua waya mmoja mnene.

"Mbona waya wa mota yenyewe ni mwembamba?"

Swali la haki, na kila anayenunua hulifikia. Waya unaotoka kwenye mota mara nyingi ni mwembamba kuliko huu ninaokuambia ununue. Sababu ni urefu. Kipande kifupi cha waya mwembamba hupoteza volti kidogo. Mita 10 za waya huohuo hupoteza nyingi. Mtengenezaji amechagua unene kwa urefu wake mwenyewe, na hajui wewe betri umeiweka wapi. Usichukue waya wake kama kipimo cha wako.

Vinavyoendana na waya

Breka au fyuzi kwanza. Mota nyingi hutaka ya ampea 50 au 60. Fuata kitabu chake. Ikae kwenye waya chanya, karibu na betri: ABYC inataka ndani ya inchi 7, kama sentimita 18, na inaruhusu hadi inchi 72 ikiwa waya umeunganishwa moja kwa moja kwenye betri na umefunikwa na bomba njia nzima. Iwe ya DC, yaani umeme wa betri. Breka ya nyumbani ni ya AC, umeme unaogeuza mwelekeo kila mara, na imeundwa kuzima cheche umeme unapopita sifuri, na DC haipiti sifuri kamwe. Boti yenye injini ya petroli inahitaji breka isiyoweza kuwasha mvuke wa petroli. Alama yake ni ISO 8846 au SAE J1171.

Lagi ziwe za shaba iliyopakwa bati, tundu lilingane na boliti ya betri, zibanwe kwa koleo la kubania lagi lenye saizi yake. Nyundo na koleo la kawaida havibani, vinaponda. Juu yake vuta mpira wa kusinyaa kwa joto wenye gundi ndani, uzibe ganda na lagi pamoja. Risasi ya kulehemu peke yake haitoshi kushika lagi: kiungo kikipata moto inalainika. Na zile nati zenye masikio zinazokuja na betri nyingi za boti, zitoe uweke nati za kawaida na wosha. ABYC inazikataa kwa waya wa namba 6 AWG na kuendelea, kwa sababu vidole havikazi vya kutosha.

Plagi ya omo inastahili fedha zaidi kuliko wengi wanavyoipa. Iwe na ampea zilizoandikwa, za mfululizo, zisizopungua za mota, na ipokee unene wa waya wako bila kukata nyuzi ili ziingie. Mtu akikata nyuzi ili 25 mm² iingie kwenye tundu la 16, ameshanunua 16.

Ukimaliza, ijaribu ndani ya maji, mota ikiwa imefunguliwa hadi mwisho. Pima volti kwenye terminali za betri, kisha zipime kwenye plagi ya mota, mwenzako akiwa ameshikilia usukani. Tofauti ikizidi ile uliyoipigia hesabu, tembeza mkono kwenye kila kiungo baada ya dakika kumi za mwendo: kiungo kibovu kitakuwa cha moto kuliko waya ulio jirani yake. Viungo vyote vikiwa vya uvuguvugu sawa na waya wenyewe ukapata joto mwanzo hadi mwisho, basi waya ni mwembamba, na hakuna cha kukaza wala kusafisha kitakachousaidia.